Mpigaji wa Besiboli Anapokwama: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mpigaji akishindwa mara tatu mfululizo, watu wa benchi huwa na jibu moja tu: "Jiamini!" Ushauri huo haumdhuru, lakini haumsaidii pia, kwa sababu mtu hawezi kuamriwa kujiamini kama anavyoamriwa kufunga kamba za viatu. Mwongozo huu unafuata dalili ambazo makocha na wachezaji hulalamikia mara kwa mara, na chini ya kila dalili vyanzo vimetajwa kuanzia kile kinachotokea zaidi hadi kile cha nadra. Msimamo wake ni kwamba kujiamini kwa mpigaji huzaliwa na uamuzi alioufanya kabla mpira haujarushwa, na kwamba mengi yanayoitwa woga au uvivu ni ukosefu wa mpango, macho yasiyoona vizuri au maumivu yaliyofichwa.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana kutoka benchi. Kutoka ubao wa mrushaji hadi kibao cha nyumbani, ambacho mpigaji husimama kando yake, ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 153 kwa saa, ambao ni wa kawaida katika ligi kuu ya Marekani, hufika kwa takribani sekunde 0.4, na kulizungusha gongo peke yake hula karibu sekunde 0.15 ya muda huo, hivyo kinachobaki cha kuona na kuamua ni robo sekunde tu. Mrushaji wa shule anayerusha kilomita 110 kwa saa humwachia mpigaji zaidi kidogo ya nusu sekunde, muda ambao bado haumtoshi mtu kubishana na nafsi yake. Mabishano hayo lazima yaishe kabla mguu haujaingia kwenye kisanduku cha mpigaji.

Kabla ya kutafuta dalili yoyote hapa chini, fanya ukaguzi wa mambo matatu, ambao hauchukui hata dakika tano. Mwambie mchezaji afunike jicho moja asome herufi zilizo mbali, kisha abadilishe jicho. Bonyeza kiganja na kifundo cha mkono wake uone kama anakunja uso. Halafu muulize, akiwa anaelekea kibaoni, anatafuta mpira gani na katika sehemu gani. Jibu la swali hili la tatu pekee hutatua karibu nusu ya malalamiko yanayofuata.

Dalili ya kwanza: Anafukuza mipira iliyo nje ya eneo la straiki

Hili ndilo lalamiko linalosikika kuliko mengine yote. Eneo la straiki ni nafasi iliyo juu ya kibao, kati ya goti na kifua: mpira unaopita humo, au unaozungushiwa gongo ukakoswa, ni straiki, na unaoachwa upite nje yake ni boli; straiki tatu humtoa mpigaji, boli nne humpa kituo cha kwanza. Mpira unashuka hadi usawa wa vifundo vya miguu, au unakatia mbali kabisa na kibao, naye anauzungushia gongo kana kwamba hautarudi tena.

Chanzo kikuu ni kukosa mpango. Ukimuuliza swali lililotajwa hapo juu akakujibu "Mwalimu, nataka kuupiga tu," basi tatizo umelipata, wala huna haja ya kugusa mikono yake au mkao wake. Mtu anayetaka kupiga kila kitu amekwisha kuamua kupiga hata kabla ya kuona, na kinachobaki kwake ni bahati. Tiba ni kumpunguzia eneo. Ted Williams, aliyemaliza msimu wa 1941 akiwa na wastani wa .406 (yaani hiti, pigo linalomfikisha mpigaji kituoni salama, 406 katika kila zamu 1,000), ambao hakuna aliyeufikia tena kwa msimu mzima katika ligi za American na National, aliligawa eneo lake la straiki katika nafasi 77 za ukubwa wa mpira na kuipa kila nafasi wastani aliodhani angeupata kwa kupiga mipira ya hapo. Katikati alijipa .400, na kwenye pembe ya chini ya upande wa nje alijipa .230. Mpigaji mkubwa kuliko wote wa zama zake alikubali kwa maandishi kwamba zipo straiki asizozitaka, na huo ndio moyo wa nidhamu kibaoni. Kijana wa shule hahitaji nafasi 77. Anahitaji kuambiwa kwamba, kabla hajapata straiki mbili, atafute mpira mmoja wa kasi katika nusu moja ya eneo, juu ya goti na chini ya kifua, na kwamba kila mpira mwingine una ruhusa ya kupita hata kama mwamuzi ataita straiki. Akishapata straiki mbili mpango unabadilika: anashika gongo juu kidogo, anapanua eneo lake, na anaacha kutafuta pigo la mbali.

Chanzo kinachofuata ni kutolijua eneo lenyewe. Kibao kina upana wa sentimita 43, lakini wapigaji wengi wachanga hudhani ni kipana zaidi kwa sababu wanakitazama kwa pembeni. Msimamishe kibaoni akiwa amevaa helmeti, gongo likiwa begani asilizungushe, mrushaji afanye mazoezi yake ya kawaida, naye aite kwa sauti "boli" au "straiki" kabla mpira haujagonga glavu ya mdakaji aliye nyuma ya kibao. Mdakaji ndiye anayesahihisha. Zoezi hili linafaa sana pale ambapo mipira ni michache na uwanja unagawanywa na timu ya kandanda, kwa sababu mrushaji mmoja huwafundisha wapigaji wote kwa zamu bila mpira hata mmoja kupotea majanini.

Wengine hufukuza mipira pale tu wanapokuwepo wakimbiaji vituoni, yaani wenzao wanaongoja pigo ili wafunge alama. Hapo chanzo ni tamaa ya kuwa shujaa, na mrushaji mwerevu huijua tamaa hiyo vizuri, kwani ndiyo sababu humpa mpigaji mipira mibaya wakati huo huo. Mkumbushe mpigaji kwamba mwenye hofu kubwa zaidi wakati vituo vimejaa ni mrushaji.

Ikiwa marekebisho hayo hayakusaidia, shughulikia usomaji wa mzunguko wa mpira. Chukua mipira ya tenisi, iandike namba kubwa kwa wino mweusi na mwekundu, umrushie mpigaji kwa upole kutoka mita chache, naye ataje rangi kabla ya kupiga. Asiyeweza kutaja rangi hata mpira unapokwenda taratibu apelekwe kupimwa macho, na zoezi lisimame hadi majibu yapatikane.

Onyo dogo kwa makocha: kumwagiza mtoto asimame tu akingoja boli nne si kumfundisha nidhamu. Timu itapata kituo cha kwanza bure mara kadhaa dhidi ya warushaji wasiolenga vizuri, na mtoto atafika ngazi ya juu bila kujua kupiga.

Dalili ya pili: Anaduwaa na kuziacha straiki nzuri zipite

Huyu ni kinyume cha wa kwanza, ingawa mara nyingi ni mtu yuleyule baada ya kukaripiwa. Ukimuuliza kwa nini hakuupiga mpira uliopita katikati kabisa ya kibao, atasema, "Nilidhani utapinda."

Kinachosababisha hali hii mara nyingi ni mpangilio mbaya wa uamuzi. Mpigaji anangoja aone kwamba mpira ni mzuri ndipo aanze kujiandaa kupiga, na kwa hesabu ya robo sekunde tuliyoiona, tayari amechelewa. Wapigaji wazuri hufanya kinyume chake: kila mpira wanauanza kwa "ndiyo", mwili unaanza safari, na jicho linabaki na kazi ya kusema "hapana" pale tu mpira unapokuwa mbaya. Makocha wa Marekani hufundisha jambo hili kwa maneno matatu, ndiyo, ndiyo, hapana, na lugha yetu inayabeba bila taabu. Mpigaji atamke "ndiyo" mrushaji anapoinua mguu, "ndiyo" mkono unapoachia mpira, na neno la tatu liwe "ndiyo" au "hapana" kulingana na alichokiona. Mazoezini ayaseme kwa sauti.

Chanzo cha pili ni makelele. Kocha anapiga ukelele kutoka benchi kuhusu kiwiko, baba yake anapiga mwingine kutoka nyuma ya wavu kuhusu goti, na mwenzake anamkumbusha asilegeze kichwa. Kichwa kinachosikiliza viungo vitatu vya mwili hakiwezi kuuona mpira. Sheria inayofaa ni kwamba mchezaji akishaingia kisandukuni haambiwi lolote kuhusu umbo la pigo lake, na anayelivunja agizo hilo, awe kocha au mzazi, aombwe kwa heshima anyamaze. Mambo ya kiwiko yangoje Jumatatu.

Kwa nadra zaidi, kuduwaa hutokana na woga wa kulaumiwa, kwani mchezaji ameona kwamba anayekosa mpira kwa kuzungusha gongo huchekwa, ilhali anayesimama huhurumiwa kwa kisingizio cha mwamuzi. Hapo anayehitaji marekebisho ni timu, hasa namna benchi linavyompokea aliyekosa.

Dalili ya tatu: Anarudi nyuma mpira unapokuja

Usimuulize kama anaogopa, kwa sababu atakana. Tazama udongo. Chora mstari ardhini nyuma ya visigino vyake, arushiwe mipira kumi, kisha angalieni pamoja alama za nyayo. Kama mguu wa mbele umetua upande wa mgongo wake, ukivuka au kukaribia mstari badala ya kwenda moja kwa moja kuelekea kwa mrushaji, alama hiyo imekwisha kusema, wala hakuna haja ya kumwaibisha kwa maneno. Kamwe usiweke ubao au jiwe nyuma ya miguu yake ili kumzuia asirudi; ataumia kifundo, na woga wake utaongezeka.

Walio wengi huogopa kwa sababu hawajafundishwa namna ya kuukwepa mpira. Jambo hili huonekana hasa katika nchi zetu, ambako kijana wa Dar es Salaam au wa Lugazi, Uganda, anaweza kuanza besiboli akiwa sekondari baada ya miaka mingi ya kucheza kandanda, na mpira mgumu unaomjia usawa wa mbavu ni jambo geni kwake. Mfundishe kugeuza bega la mbele na kichwa kuelekea kwa mdakaji, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani na gongo limeshushwa, ili mpira ukimfikia umpige mgongoni au kwenye paja. Tumieni mipira ya sponji au ya tenisi, mkirusha kwa makusudi upande wake, hadi mwili uzoee kugeuka wenyewe. Anayejua kujikinga huanza kusimama imara bila kuhimizwa.

Kagua pia helmeti. Mwambie atikise kichwa kwa nguvu; ikicheza ni kubwa, na mchezaji mwenye helmeti inayomfunika macho kila anapogeuka ana haki ya kuogopa. Yenye ufa isitumike hata kwa mazoezi mepesi. Ray Chapman, mchezaji wa timu ya Cleveland, alipigwa kichwani na mpira mwezi Agosti 1920, akafariki saa chache baadaye, na hata hivyo ligi kuu ilichelewa hadi 1971 kuwalazimisha wapigaji wote wapya kuvaa helmeti. Timu isiyo na helmeti za kutosha ifanye mazoezi ya mpira laini tu.

Acha hapa ikiwa mchezaji amepigwa kichwani. Anayelalamika maumivu ya kichwa, kutapika, kizunguzungu, usingizi usio wa kawaida au kuona vitu viwiliviwili huenda amepata mtikisiko wa ubongo, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asirudi kucheza siku hiyo hata akisema anajisikia vizuri, na siku zinazofuata asirudi bila idhini ya daktari. Woga unaobaki baada ya tukio la namna hiyo, hasa ukiambatana na ndoto mbaya au kukataa kabisa kukaribia uwanja, si wa kutibiwa kwa mazoezi ya kocha.

Dalili ya nne: Mazoezini ni simba, kwenye mechi hapigi kitu

Watu hukimbilia kusema kwamba presha imemshinda. Kabla ya kufika huko, tazama mazoezi yenyewe. Kama kocha anarusha mipira thelathini ya mwendo mmoja, kutoka karibu, na mchezaji anajua kila mpira utapita wapi, basi alichojifunza ni kuupiga mkono wa kocha wake. Changanya mwendo, changanya mahali, toa hesabu ya kubuni kabla ya kila mpira ("boli moja, straiki mbili, mkimbiaji yupo kituo cha pili"), kisha mpe zamu moja tu akae chini angoje kama anavyongoja kwenye mechi. Ugumu mkubwa wa mechi ni kule kukaa muda mrefu, mwili ukapoa, halafu ukaitwa upige bila onyo.

Chanzo cha pili ni kukosa utaratibu wa kuingia kibaoni. Ken Ravizza, mwanasaikolojia wa michezo aliyefundisha chuo kikuu cha Cal State Fullerton na kufanya kazi na timu kadhaa za ligi kuu, aliwafundisha wachezaji kuchagua kitu kimoja kisichosogea uwanjani na kukitazama kila mambo yanapowaelemea. Evan Longoria, alipokuwa mchezaji wa timu ya Tampa Bay, alitumia nguzo ya faulo, ile inayoonyesha mpaka wa uwanja, ya upande wa kushoto. Nguzo haina muujiza wowote. Faida yake ni kwamba ipo kila uwanja, haibadiliki, na jicho likiitazama pumzi hupata nafasi ya kushuka. Utaratibu mzima unaweza kuwa hivi: nje ya kisanduku, pumzi moja ndefu na jicho kwenye nguzo; halafu mpango kwa maneno machache, mfano "wa kasi, ndani"; kisha mguu ndani. Ukishaingia, maneno yameisha. Jicho lianze kwa kutulia kwenye kofia ya mrushaji, maana jicho haliwezi kukaza sehemu moja muda mrefu bila kuchoka, na lihamie kwenye nafasi ya kuachilia mpira mkono unapopanda.

Utaratibu uwe mfupi. Tangu 2023 ligi kuu ya Marekani inatumia saa ya warushaji, inayohesabu kurudi nyuma muda uliobaki kabla ya kila mpira, na mpigaji anatakiwa awe tayari zikiwa zimebaki sekunde 8. Anayehitaji dakika nzima ya kurekebisha glavu amejifunza tabia itakayomtesa baadaye. Tena utofautishwe na ushirikina. Wade Boggs, mpigaji wa ligi kuu, alikula kuku kabla ya mechi na akapiga vizuri miaka mingi, lakini kuku anaweza kukosekana, kama ambavyo hirizi ya mcheza kandanda wetu inavyoweza kudondoka kwenye soksi, na mtu ambaye utulivu wake uko ndani ya kitu huupoteza pamoja nacho. Pumzi haisahauliwi nyumbani.

Ikiwa baada ya wiki kadhaa za mazoezi ya namna hii mchezaji bado anatetemeka, anatapika kabla ya mechi, au moyo unamwenda mbio hadi anashindwa kupumua, hatua ya kocha imekwisha.

Dalili ya tano: Ukame wa muda mrefu

Mpigaji mwenye wastani wa .300 hushindwa mara saba katika kila kumi, na wastani wa ligi kuu nzima mwaka 2024 ulikuwa .243. Kwa hiyo mechi tatu bila hiti si ukame. Ni wiki ya kawaida. Ukame wa kweli hata hivyo upo. Chris Davis wa Baltimore, aliyekuwa amepiga homurani 53 (mapigo yanayovuka ukuta wa uwanja) mwaka 2013, alikaa zamu 54 rasmi bila hiti hata moja kuanzia Septemba 2018, rekodi kwa asiyekuwa mrushaji, hadi tarehe 13 Aprili 2019 alipopata hiti tatu katika mechi moja mjini Boston.

Kinachosababisha mara nyingi ni bahati tu, na ndiyo maana daftari linahitajika. Kwa kila zamu andika kwanza kama mpira alioupiga ulikuwa ndani ya mpango, pili kama gongo liligusa kwa uzito, na mwishoni kabisa matokeo. Mchezaji akiona kwamba katika zamu kumi alipiga sita kwa uzito, zikaangukia mikononi mwa walinzi, atajua hakuna cha kubadilisha. Asiyeandika hubadilisha mkao, kisha gongo, kisha mkao tena.

Hapo ndipo chanzo cha pili kinapoingia, yaani washauri wengi. Weka marufuku ya ushauri kwa wiki moja. Aambiwe na mtu mmoja tu, na jambo moja tu. Kazi ya wiki hiyo iwe kupiga mpira uliotulia juu ya stendi, ukielekezwa katikati ya uwanja, zoezi linalodharauliwa na wachanga ilhali Tony Gwynn, mpigaji wa ligi kuu aliyetolewa kwa straiki mara 434 tu katika misimu 20, hakuliacha.

Uchovu nao huvaa sura ya ukame. Mchezaji aliyefunga Ramadhani, akacheza saa kumi jioni katika joto la pwani, atachelewa kwa mpira wa kasi. Mpangie mazoezi ya kupiga baada ya kufuturu au asubuhi mapema, wala usimwite mvivu.

Maumivu yaliyofichwa hutokea kwa nadra zaidi, lakini gharama yake ni kubwa. Katika mkono wa chini unaoshika gongo, kitako cha gongo hukandamiza mfupa mdogo ulio chini ya kidole cha mwisho, na mfupa huo huweza kuvunjika kwa pigo moja tu. Mchezaji husikia maumivu ya kiganja upande huo, mshiko unalegea, naye hunyamaza ili asiondolewe kikosini. Maumivu ya hapo yakidumu, simamisha upigaji wote, apelekwe kupigwa picha. Picha ya kawaida ya eksirei inaweza isiuonyeshe ufa huo, kwa hiyo daktari aelezwe wazi kwamba ni mpigaji wa besiboli.

Dalili ya sita: Hasira baada ya kutolewa

Gongo linarushwa, helmeti inapigwa chini, na zamu inayofuata inaharibika pia. Mpe muda wenye mpaka: kutoka kibaoni hadi anapofika benchi akasirike atakavyo bila kurusha chochote, akivua glavu za kupigia jambo limekwisha. Akirusha gongo atoke mchezoni, hata kama ndiye mpigaji bora, kwa kuwa gongo lililorushwa huumiza watu. Reggie Jackson, mpigaji wa ligi kuu, ana rekodi ya kutolewa kwa straiki mara 2,597 na bado yumo katika Jumba la Mashujaa wa besiboli tangu 1993.

Pale ambapo kocha anapaswa kukabidhi

Wanasaikolojia wa michezo ni wachache kwetu, lakini mlango wa kwanza upo katika shule nyingi: mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye anaweza kumpeleka mwanafunzi kwa mtaalamu wa hospitali ya wilaya au ya rufaa. Mkabidhi mchezaji iwapo huzuni au kukosa usingizi vimezidi wiki mbili, iwapo ameacha kula au kuzungumza na wenzake, au iwapo hofu imevuka uwanja na kuingia darasani na nyumbani. Akitamka kwamba hataki kuishi, usimwache peke yake na umpeleke kwa mtaalamu saa hiyohiyo. Wazazi waarifiwe kwa faragha, si mbele ya timu. Nenda na daftari la zamu zake, tarehe dalili ilipoanza, na maelezo ya kila mpira uliowahi kumpiga, maana mtaalamu asiyejua besiboli atahitaji kuelezwa kilichotokea. Hadi jibu litakapotoka, abaki na timu akiandika hesabu za wenzake, bila kushika gongo.